Wanaokaa bila kuamini

Kila anayenikuta asubuhi nimefumba macho huuliza nafanya nini, na kila mara Kiswahili hunikwamisha. Nikisema natafakari, swali linalofuata ni: unatafakari nini? Neno hilo limebeba fikra ndani yake, linadai kitu cha kufikiriwa, ilhali mimi wakati ule nafanya karibu kinyume chake: fikra zinakuja, naziona, naziacha zipite, narudi kwenye pumzi. Nikisema natahajudi, Mwislamu husikia sala ya usiku wa manane, naye ana haki kusikia hivyo. Taamuli ni neno zuri, ila limejaa utulivu wa kishairi ambao magoti yangu hayaujui. Nikisema nasali nitakuwa mwongo. Basi siku hizi husema tu: nimekaa. Baadaye niligundua kwamba Wajapani wa Zen, madhehebu ya Kibuddha, walinitangulia kwa karne kadhaa. Zoezi lao huitwa zazen, yaani kutaamali kwa kukaa, na walimu wao wengi hawapendi kuongeza maelezo.

Mimi si Mbuddha kwa maana ambayo Mbuddha wa Sri Lanka au wa Tibet angeikubali. Siamini kwamba niliwahi kuishi kabla ya kuzaliwa, wala kwamba nitarudi nikishakufa, wala kwamba kuna mbingu zenye miungu inayongoja zamu yake ya kuanguka. Lakini nimekaa kwa miaka tisa sasa, nusu saa kila siku isipokuwa zile ninazotoroka, na hotuba za Buddha nimezisoma kwa uangalifu kuliko kitabu kingine chochote. Watu wa aina yangu wameongezeka hadi njia yao ikapata jina, Ubuddha wa kisekula, na wanarushiwa mawe kutoka pande mbili. Muumini anasema ukipenda boga, penda na ua lake: huwezi kubeba mazoezi ukaacha karma (imani kwamba matendo ya mtu humrudia, hata katika maisha mengine), kuzaliwa upya na watawa. Asiyeamini chochote anauliza kwa nini tunamng'ang'ania mtu aliyeishi India karibu miaka 2,500 iliyopita. Kama pumzi ni pumzi, si uitazame bila kumtaja?

Kwangu, kukata ni halali. Ninacholalamikia ni mahali kisu kilipopita.

Hoja ya boga na ua inachukulia kwamba kulikuwa na boga moja zima, likatoka kwa Buddha likatufikia bila kuguswa, hadi Wazungu walipokuja na visu vyao. Historia haisemi hivyo. Kwa karne nyingi, Mbuddha wa kawaida katika nchi za Theravada, tawi la Ubuddha la Sri Lanka, Burma na Thailand, hakukaa kutazama pumzi. Alitoa sadaka kwa watawa, alishika kanuni tano za mwenendo, alikwenda hekaluni siku za mwezi mpevu, akatumaini kuzaliwa mahali pema zaidi. Hata watawa, wengi wao kazi yao ilikuwa kuhifadhi maandiko na kuongoza ibada. Kutaamali kuliachiwa wachache, hasa wa misituni.

Mambo yaligeuka Burma (Myanmar ya leo), na yaligeuzwa na mizinga. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay, wakamhamishia mfalme Thibaw India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Akishaondoka, nani ataitunza? Jibu la mtawa Ledi Sayadaw lilikuwa kwamba itatunzwa na kila mtu. Alizunguka nchi akiwafundisha watu wa kawaida falsafa ya Abhidhamma, ile sehemu ya maandiko inayochambua akili, na njia za kutazama akili, mambo ambayo hapo awali yalihesabiwa kuwa ya wataalamu. Katika mnyororo wa wanafunzi wake akaja U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali ya Burma baada ya uhuru wa 1948, aliyewafundisha hata watumishi wa ofisi yake. Kwa U Ba Khin akajifunza S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, ambaye tangu 1969 alifundisha kozi za siku kumi za ukimya huko India. Kwa mnyororo mwingine, Mahasi Sayadaw akawaelekeza watu watazame tumbo tu: linapanda, linashuka. Mwaka 1975 vijana wa Kimarekani waliosoma kwa walimu wa Asia, akina Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield, wakaanzisha kituo Massachusetts. Miaka minne baadaye, katika jimbo hilohilo, Jon Kabat-Zinn akayaingiza mazoezi hospitalini kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao tiba ilikuwa imeishiwa la kuwafanyia. Kozi yake ilikuja kuwa ya wiki nane, na jina lake halikumtaja Buddha popote.

Kwa hiyo anayekaa leo kutazama pumzi, awe muumini au asiwe, anatumia urithi uliochongwa upya juzijuzi tu, chini ya ukoloni, na watu waliokuwa na haraka. Mkono uliochonga hapo mwanzo ulikuwa wa Waasia.

Na yuko mmoja ambaye waandishi wengi wa Ubuddha wa kisekula humruka, sijui kwa kutojua au kwa aibu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wa matabaka yaliyoitwa yasiyoguswa. Alifariki wiki chache baadaye, tarehe 6 Desemba. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata aliuliza maswali ambayo profesa wa starehe asingeyauliza kwa uchungu uleule. Fundisho la karma na kuzaliwa upya linapatanaje na fundisho kwamba hakuna nafsi ya kudumu? Na kama ufukara wa mtu ni malipo ya maisha yaliyopita, nani anafaidika na maelezo hayo zaidi ya dola na jamii, zinazopata njia ya kukwepa wajibu wao kwa wanyonge? Ambedkar alikata sana. Alikata kwa sababu alijua karma ikitafsiriwa vibaya inakuwa fimbo, na mgongo uliopigwa ulikuwa wa watu wake. Anayesema kwamba kuutenganisha Ubuddha na imani ya maisha yaliyopita ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi, aanze kwa kumjibu yeye.

Sasa niwageukie wenzangu, maana nao wana lao. Wanapenda mno kutafuta kibali kwa Buddha mwenyewe. Kibali cha kwanza ni hotuba kwa Wakalama. Wakazi wa mji wa Kesaputta walimlalamikia Buddha kwamba kila mwalimu apitaye husifu mafundisho yake na kuyaponda ya wengine. Wamwamini nani? Akawaambia wasilishike jambo kwa sababu tu ni mapokeo, au ni uvumi, au limo katika maandiko, au mwalimu ni mtu wa heshima. Hapo ndipo nukuu nyingi huishia, na msomaji huachwa akidhani amekutana na mwanasayansi aliyevaa shuka. Lakini orodha ileile inakataza pia kulishika jambo kwa sababu ya mantiki tupu, au kwa sababu linaafikiana na maoni tuliyokwisha kuwa nayo. Yaani sisi.

Kibali cha pili ni mshale. Mtawa Malunkyaputta alitishia kuacha utawa asipojibiwa kama ulimwengu ni wa milele, kama una mwisho, kama uhai na mwili ni kitu kimoja. Akapewa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anayekataa kutolewa mshale hadi aambiwe kabila la aliyeurusha na aina ya upinde wake. Wenzangu huutumia mfano huu kusema: mnaona, Buddha hakujali mambo ya baada ya kifo. Si kweli. Alichokataa kujibu ni kama yeye aliyeamka (ndiyo maana ya neno Buddha) huendelea kuwepo baada ya kufa. Kuzaliwa upya kwa sisi wengine hakumo katika orodha ya maswali aliyoyaweka kando. Fundisho hilo alilirudia tena na tena, na maandiko yanayosimulia usiku wa kuamka kwake yanasema alikumbuka maisha yake ya awali, moja, mawili, maelfu.

Buddha wa maandiko aliamini kuzaliwa upya. Mimi siamini. Sioni aibu katika sentensi hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega, na ningependa wenzangu wazizoee. Stephen Batchelor amekaribia unyoofu huo kuliko wengi. Alikuwa mtawa wa mapokeo ya Tibet tangu 1974, akaenda Korea kufanya Zen, akavua joho mwaka 1985, na tangu hapo amekuwa akiandika kama mtu anayejua anachokiacha. Mchango wake ninaouthamini ni kuzisoma kweli nne, msingi wa mafundisho ya Buddha, kama kazi nne. Na hilo halijavutwa kwa nguvu, kwa sababu hotuba ya kwanza yenyewe inasema dukkha inatakiwa kufahamika, chanzo chake kiachwe, kukoma kwake kushuhudiwe, njia ikuzwe. Ni vitenzi, na vitenzi havimdai mtu imani kabla ya kuanza kazi. (Dukkha nayo huwa tunaiita mateso, neno kubwa kupita kiasi. Adha ingetosha: hata sherehe nzuri ina adha yake, na ile ya kujua kwamba itakwisha.)

Lakini ukishaliondoa jiwe la kuzaliwa upya, ukuta unatikisika mahali ambapo wengi hawataki kupatazama. Katika mapokeo, lengo ni kutoka kwenye mzunguko. Unafanya kazi hii ngumu kwa sababu usipoifanya, kifo hakikuokoi: utarudi, na adha itakungoja mlangoni. Ondoa mzunguko, na kifo kinampa kila mtu bure kile ambacho watawa walikitafuta kwa maisha yote. Mvivu na mwenye bidii wanafika pamoja. Basi kwa nini mtu ajisumbue?

Nimesikia majibu mengi, na linalotolewa zaidi ni kwamba kukaa kunaleta utulivu sasa hivi, na sasa hivi inatosha. Jibu hilo ni dhaifu kuliko linavyosikika. Mwenyewe Buddha, kabla hajawa Buddha, alisoma kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, ambao walimfikisha kwenye vilele vya utulivu kiasi kwamba wakamtaka abaki kufundisha pamoja nao. Akawaacha wote wawili. Utulivu ulikuwa mkubwa na haukutosha. Inashangaza kwamba sisi tuliojigamba kuchuja imani na kubakiza kiini, tumebakiza kile ambacho yeye alikiona si kiini.

Kilichomwagwa ni mwenendo. Njia ya Buddha yenye sehemu nane inaweka uzingativu, yaani kule kutazama pumzi na akili kwa makini, nafasi ya saba. Kabla yake kuna kusema kwema, kutenda kwema, na riziki njema. Hotuba moja inataja biashara ambazo mfuasi wa kawaida asizifanye: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Angalia sasa kilichotokea. Kutoua, kutoiba, kutodanganya, kutouza silaha: hakuna hata moja linalohitaji kuamini maisha ya baadaye. Ni sehemu ya kisekula kuliko zote katika Ubuddha wote. Nayo ndiyo iliyotupwa, ili uzingativu uweze kuingia kila mlango, ukiwemo mlango wa kambi ya jeshi. Askari wa Marekani wamewahi kufundishwa kutazama pumzi kabla ya kupelekwa vitani. Mashirika makubwa huwafundisha wafanyakazi kupumua vizuri chini ya mzigo uleule wa kazi, na hakuna anayeuliza kuhusu mzigo. Wakosoaji Ron Purser na David Loy walilipigia kelele jambo hili mwaka 2013. Walishutumiwa kwa ukali, lakini hoja yao bado imesimama.

Kuna siku nililielewa hili bila kitabu. Mtu niliyefanya naye kazi aliniandikia ujumbe wa dharau. Nilikuwa nimetoka kukaa, akili imetulia kama maji ya mtungi. Sikukasirika hata kidogo. Nikaketi, na kwa utulivu uleule nikachagua neno moja moja jibu ambalo lilimuumiza mahali nilipojua panauma. Mtu mwenye hasira angekosea shabaha. Mimi, kwa miaka yote ile ya kukaa, nilikuwa nimejinolea kisu.

Najua muumini atasema: ndiyo maana unahitaji dini, maana maadili hayasimami bila karma. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Wakati Japani ilipokuwa vitani katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mabwana wengi wa Zen, wenye majoho na nasaba kamili ya walimu, waliibariki vita na kumfundisha askari kufa bila kusita. Taasisi kadhaa za Zen ziliomba radhi baadaye. Myanmar, nchi ileile iliyoupa ulimwengu kozi za uzingativu, imekuwa na watawa waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu, na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Karma, kuzaliwa upya, miungu, vyote vilikuwepo. Havikuzuia. Imani haimpi mtu mwenendo kama vile kukaa kusivyompa. Mwenendo ni kazi ya pekee na ina mazoezi yake.

Hotuba ya Wakalama, ile wanayoikata katikati, ina mwisho ambao ungewafaa wasioamini kuliko mwanzo wake. Buddha anasema mtu aliyeacha chuki na uovu ana faraja nne. Ikiwa kuna maisha mengine, atazaliwa pema. Ikiwa hayapo, anaishi hapahapa bila uadui na bila dhiki. Ikiwa uovu humrudia mtendaji, yeye hakutenda. Ikiwa haumrudii, basi amesafika pande zote mbili. Hapo mlango ameuacha wazi kwa mtu kama mimi, bila kuniomba niamini lolote. Lakini sharti la kuingia halikuwa kukaa vizuri. Lilikuwa kutokuwa na chuki.

Niseme kidogo kuhusu sayansi, kwa kuwa ndiyo kimbilio la wengi, nami sina haja ya kukaa sana hapo. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulikuta nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu, na haukukuta ushahidi kwamba kutaamali kunashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2015, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 424 waliokuwa na historia ya sonona ya kujirudia lililinganisha kozi ya uzingativu na kuendelea na dawa. Katika miaka miwili sonona iliwarudia asilimia 44 upande wa kozi na 47 upande wa dawa, yaani karibu sawa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo kutoka shule 85 za Uingereza zenye watoto zaidi ya 8,000, na kozi ya uzingativu haikuwasaidia kuliko masomo yao ya kawaida. Na si kila anayekaa hutoka salama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 mahojiano na watu 60 waliopata matatizo kwa kutaamali: hofu, kukosa usingizi, kujihisi mgeni ndani ya mwili wao wenyewe. Kwa jumla ni tiba ya kawaida, yenye manufaa ya kawaida na madhara yake. Anayeugua amwone daktari, na anayekwenda kozi ndefu ya ukimya aulize kwanza kama kuna mtu atakayemtazama mambo yakiharibika. Mapokeo yalikuwa na walimu kwa sababu hiyo. Programu ya simu haina macho.

Kwa nini basi nisimwache Buddha kabisa, kama anavyoshauri yule wa pili mwenye mawe? Kwa sababu sijapata pengine mahali ambapo kutazama akili na kutazama mwenendo vimefungwa pamoja kwa nguvu namna hiyo. Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, tunalolitafsiri uzingativu ni sati, na shina lake ni kukumbuka. Anayekaa hakumbuki pumzi peke yake. Anakumbuka alichosema na alichotenda, na alichoahidi kutorudia. Neno likibakiza pumzi tu, limepoteza nusu ya maana yake, na nusu hiyo haikuwa na mzimu wowote ndani yake wa kumtisha mtu wa kisekula.

Yule niliyemwandikia, nilimtafuta baada ya wiki tatu nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akasema sawa, na hatujawa marafiki. Tangu hapo nimebadilisha mpangilio wa nusu saa yangu. Sianzi na pumzi. Nafumba macho, kisha namkumbuka kila mtu niliyezungumza naye jana, mmoja baada ya mwingine: nilimwambia nini, na nilitaka apate nini kutokana na maneno yale. Huchukua dakika tano hivi. Ndizo ndefu kuliko zote.